Swali la Kumi na Moja

Fomu moja shilingi themanini, nauli juu yangu.
Nimemaliza Maweni, nimemaliza Barani,
sasa niko Muyeye kwa Mbodze wa Thoya,
kalamu sikioni, jua la Malindi utosini.

Swali la kumi na moja: dini ya kaya.
Weka alama moja tu.

"Kaya?" anacheka. "Kaya ni msitu wa wazee wetu.
Hapa ni nyumba."
Anapepeta mchele, chuya zinanirukia.
"Ismaili mwandikie msikiti.
Elkana, kanisa la mabati, lile lenye kinanda kisicholala.
Mimi niache kwanza."

Na marehemu mumeo?

"Alipopasua mbao kwa Mwarabu aliitwa Selemani.
Mwaka wa njaa, mahindi ya msaada
yakagawiwa kwa majina ya ubatizo. Akawa Filemoni.
Usiku, homa ikimpanda, aliitikia Thoya tu.

Alipokufa wanangu walisimama uani,
huyu na sanda, huyu na jeneza,
wakamgombea baba yao kama shamba lisilo hati.
Watu mia mbili wamekaa. Mbuzi wanalia.
Nikampa Ismaili kisu, achinje yeye ili wote wale.
Elkana akashika miguu.
Damu ilipomwagika, ndipo walipotazamana."

Akazikwa vipi?

"Akazikwa."

Chuoni mwalimu alichora duara ubaoni:
dini ni gundi, alisema, hushikanisha watu.
Wiki iliyofuata duara lilelile, mstari katikati:
dini ni wembe.
Tulinakili yote mawili kwa ajili ya mtihani.
Mbuzi hakumchora.

"Na Nyevu umwandike wapi?" ananiuliza yeye sasa.
"Mimba ilipoonekana kwaya ilimvua joho.
Ismaili akasema, mimi sina dada.
Nikaenda kwa mganga, naye akataka kuku kwanza.
Wale mia mbili, midomo ingali na mafuta ya mbuzi wangu,
wakaisahau njia ya hapa.
Mtoto alizaliwa usiku wa mvua.
Aliyekuja na wembe mpya na maji moto
ni yule muuza mnazi wa ng'ambo ya barabara,
ambaye hatujamwona akiinama popote."

Natazama fomu. Kuna kisanduku cha mwisho,
*Nyingine (taja)*,
na kamstari kafupi kama kucha.

Ofisini mashine hukataa alama mbili.
Hukataa pia pasipo alama.
Shilingi themanini.

Adhana ya alasiri inaanza. Kinanda nacho
kinapanda sauti, kama jirani aliyechokozwa.
Mbodze ananyamaza, sijui kwa heshima ya nani.
Kisha ndani mtoto analia,
naye anauweka ungo chini, mchele nusu haujapepetwa,
anainuka kwa kushika goti,
ananiacha uani na kalamu yangu
na kuku wanaoukaribia ungo.