Jino la Saba

Unga wa chuma, laini kuliko sembe,
tumeuyeyusha kwa leza, tabaka juu ya tabaka,
usiku wa pili sasa, Iyunga; ukungu wa Loleza
umeegemea dirisha, na umeme, ajabu, haujakatika.

Gia imetoka. Meno kumi na tisa, ya mashine ya kusaga, Uyole.
Hedvika, kwenye kioo, kutoka Brno, anauliza:
unyevu wa chumba? Namsomea. Anaguna.
Mguno unafika midomo ikishafunga.

Tusekile, aliyejifunzia kuchomelea Mwanjelwa,
anaweka parachichi kando, anafuta mikono kwenye ovaroli,
anagonga jino moja moja kwa spana.
La saba analipaka chaki.
"Hili halilii."

Tulicheka. Tukaifunga, ikapanda ndege.

Wiki ya tano, picha ya eksirei:
tundu, dogo kuliko punje ya ulezi,
chini ya chaki.

Makala ina majina manne. Hedvika anaandika:
huyo wa spana, anaitwa nani kwa ukoo?
Nikaenda karakana. Miguu tu, chini ya mashine.
"Mwaijande. Andika vizuri, kwenye cheti walikosea.
Na hiyo kumi na tatu, nisogezee."