Chumvi Kiasi

Tumpe alipopangiwa zamu za usiku hospitalini
nilimwomba aniandikie.
Akachana ukurasa kwenye daftari la Lusekelo,
akaandika kwa haraka ya muuguzi:
maharage, kitunguu, nyanya, mafuta,
chumvi kiasi.
Hakuweka hata nukta.

Kiasi gani? Nilimpigia saa mbili usiku,
upawa mkononi.
Nyuma yake kitoroli kilipita, mtu akakohoa.
"Kiasi tu, baba Lusekelo. Kiasi."
Akakata.

Mimi ni seremala. Futi kamba haitoki mfukoni mwangu.
Mlango ukipungua milimita tatu
baridi ya Uyole inaingia na kukaa kitako.
Basi nikanunua kikombe cha plastiki chenye mistari,
nikachora jedwali, nikaligongelea ukutani kwa misumari minne:
mchele wa Kyela vikombe viwili, maji vinne, dakika ishirini.
Ukatoka uji.
Kesho yake nikapunguza maji, ukatoka changarawe.
Ambwene alikula akitazama dirishani,
kwa adabu.

Binamu yangu wa Ifakara akasema maharage ni saa moja na nusu.
Kwake, labda.
Huku juu maji yana pupa,
yanatokota kabla hayajapata moto wa maana,
na maharage ya Mbozi hayajui saa.
Saa tatu usiku yalikuwa bado yanagonga meno.
Tulikula mkate kwa parachichi
na wanangu wakadhani ni sikukuu.

Sijui ilianza lini. Nadhani ni umeme:
ulikatika Jumatano moja ya mwezi wa sita,
baridi ya kupasua midomo,
jedwali likamezwa na giza
nikabaki na jiko la mkaa na masikio.
Kitunguu kikiingia kwenye mafuta
ni mvua ya mawe juu ya bati.
Nikangoja. Mvua ikapungua, ikawa manong'ono,
nikajua kinaita nyanya.
Nyanya ikalia, ikatoa maji yake yote, ikanyamaza,
mafuta yakajitenga pembeni,
ule ukali wa puani ukaondoka kama mgeni asiyeaga.
Hapo. Sasa hivi.
Sikuwa nimeangalia saa.

Na hili mkono wangu ulikuwa unalijua siku zote.
Randa ikiteleza bila kukwama, ikatoa utepe mmoja mrefu,
sipimi tena, nasogeza ubao.
Sijui kwa nini nilipovuka kizingiti cha jikoni
niliuacha mkono huo nje, pamoja na viatu.

Alhamisi ugali ulikuwa na mabuja.
Nisidanganye.

Ijumaa nilipita sokoni giza likiingia, bila orodha.
Mama Subilaga alibakiwa na fungu moja la figiri,
viazi vidogo vidogo vya kumalizia gunia,
njegere kisadoni, za chini kabisa.
Nilivipika kichwani njia nzima:
viazi kwanza, ni wakaidi;
njegere zifuate;
figiri iguswe na mvuke tu, itoke.
Nyumbani kopo la karanga za kutwanga lilikuwa rafuni.
Zikaingia. Hakuna aliyeniambia.
Ambwene hakutazama dirishani.

Asubuhi Tumpe akarudi, koti limelowa ukungu,
akala kiporo amesimama, kikiwa cha baridi vilevile,
kijiko kikikwaruza ukoko.
"Umetia nini humu?"
Viazi, nikasema. Njegere. Figiri. Karanga.
"Karanga kiasi gani?"

Nikamtazama nione kama ananitania.
Alikuwa ameshika kalamu.
Nikakunjua kiganja, vumbi la mninga bado liko kwenye mikunjo,
nikamwonyesha kwa kidole:
"Zilijaa kuanzia hapa
mpaka hapa, kwenye kovu la patasi."