Kilomita Haikandwi

Saa kumi kasorobo, Ndolo hapigi honi.
Anawasha taa mara moja, kama mtu anayekonyeza,
nami nashuka ngazi za Kariobangi na hotipoti mbili,
moja ya chapati, moja ya maharagwe,
tuelekee Ngara, kwa vijana wa mjengo.

Miaka mitatu: mia tatu na hamsini.
Hatujawahi kuzitaja. Naziweka juu ya dashibodi
karibu na kitambaa chake cha kupangusia kioo,
naye husema, "Haya, siku njema,"
kabla siku yenyewe haijaamua.

Jumatatu hakuzigusa.
"Mama Nyanchoka," akasema, macho mbele,
"iwe mia nne na hamsini.
Si mimi ninayekula. Ni hili tangi."

Nilimjibu upesi, maana jibu nilikuwa nalo,
limetokota kifuani mwaka mzima:
ujira wa mjengo haujapanda,
chapati yangu bado ishirini,
aliyepanda ni mwenye nyumba peke yake,
kapanda hadi kapita paa.
Ukinipandishia mimi, nimpandishie nani?

Ndolo akacheka, si kwa ubaya.
Akafunua hotipoti, akatoa chapati moja,
akaiinua chini ya taa ya gari.
"Hii zamani ilinifunika uso mzima.
Leo naona barabara pande zote."

Nikanyamaza.
Donge lililokuwa ngumi sasa ni ndimu,
na sikumwambia mtu.
Ndivyo tunavyopandisha bei huku:
kitu kinapungua, jina linabaki.
Mkate bado unaitwa mkate.
Sabuni imeota kiuno.

"Wewe una unga wa kukata," akasema.
"Mimi nikate nini? Nifupishe Barabara ya Juja?
Nikuambie Ngara imesogea?
Kilomita haikandwi, mama."
Akazichukua zile mia tatu na hamsini
kama mtu anayepokea rambirambi.

Lakini fundi hakosi mkasi.
Jumanne alizima injini kwenye mteremko,
gari likateleza kimya, usukani mzito,
nimekumbatia maharagwe kama mtoto mchanga.
Jumatano akapakia mwanamume na magunia ya sukumawiki,
maji yakanidondokea viatuni hadi Pangani.
Alhamisi akasimama kwenye mzunguko.
"Hapo tu, mama. Nikizunguka nimeunguza faida."

Hapo tu ni hatua mia nne na kumi na mbili.
Gizani hatua hujihesabu zenyewe.
Kulikuwa na mbwa,
na mtu aliyesimama bila sababu,
na mimi, mikono yote miwili imeshikwa.
Hapo ndipo nilipokijua ukubwa
kile kipande alichokata.

Ijumaa nikaweka mia nne.
"Na hamsini?"
"Hamsini imo humu." Nikamfunulia:
chapati moja ya donge la zamani,
ya kufunika uso, masikio na deni.
Akala kwa mkono mmoja,
injini ikinguruma mteremko mzima.
Akaupita mzunguko. Akanifikisha langoni.

Hatukukubaliana, hilo lieleweke.
Tarehe kumi na nne redio itasoma tena bei ya mafuta
kwa sauti ile ile ya matangazo ya vifo,
naye atatazama mbele,
nami nitatafuta jibu jingine.

Saa moja vijana walipanga foleni, saruji kwenye nyusi.
Barasa akapokea yake, akaigeuza,
akaiinua kwenye jua lililokuwa likichomoza.
"Mama," akauliza, wala hakuwa na hasira,
"hii ikifika Disemba itaitwa biskuti?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka.
Unga wa Ndolo
niliumega kwenye madonge yao.