Karani wa Mizani

Katika daftari la shamba, njia ya kwenda Muheza,
mstari wa kumi na saba, wino umefifia kama chai ya jana:
Semkiwa, Hizza. Karani wa mizani. Shilingi arobaini na tano.
Baba hakupima hata robota moja la mkonge.

Alikuwa kipa.

Walimwona uwanja wa Tangamano, mwaka wa njaa, watu wakila makopa,
yuko pekupeku, bukta kashonewa kwa gunia la sukari,
maandishi ya kiwanda yakisomeka makalioni.
Mwenye shamba, Mgiriki wa masharubu ya kambale,
alikuwa kafungwa sita na timu ya reli,
usingizi ukamkataa. Alfajiri akatuma lori.
"Kazi yako kudaka."
Baba akacheka, akidhani Kiswahili kimempiga chenga mzee wa watu.

Hakikumpiga.

Mshahara wa kwanza aliufunga kwenye leso
akauleta Ngamiani, barabara ya kumi na tatu.
Bibi hakumuuliza yeye, aliuuliza mshahara:
"Wewe, umetoka wapi?"
Pesa ya mchezo! Akaifukia kwenye mtungi wa unga,
akahesabu siku tisa aone kama itageuka majani.
Siku ya kumi akanunua kandili na jozi ya kanga,
na majirani walipouliza mwanawe kaajiriwa wapi
akajibu: mizani.

Manamba wakitoka kwenda kukata, giza bado,
yeye amelala.
Saa tatu analetewa maziwa, na yai.
Walimwita Bwana Yai. Walimwita hivyo Jumatatu, Jumanne,
mpaka Jumamosi jioni;
Jumapili, sauti zimewakauka, wakambeba juu juu.
Hilo hakulizoea. Alisema:
mabega yale yalinuka maji ya korona,
na mimi juu yao nanuka sabuni.

Kidole cha shahada kilivunjika Korogwe.
Cha pete, Mombasa, kwenye buti la baharia.
Gumba hakumbuki; siku hizo, alisema,
mtu ukihesabu vidole utaacha kuhesabu mipira.
Kulikuwa na picha moja: yuko hewani, kalala ubavu,
kama mtu aliyeona kitanda angani.
Mchwa waliila kuanzia miguuni.

Kisha ule mgomo.
Wiki ya tatu visu vimelala, korona iko kimya,
watoto wa kambini wanachemsha maembe mabichi kwa chumvi.
Mgiriki akasema mpira utachezwa. Na ulichezwa.
Manamba wakaja wote, wakajipanga nyuma ya goli la baba.
Hawakuimba. Hawakumwita Yai.
Shuti la kwanza lilikuwa la mtoto, linatambaa.
Baba alikuwa amefunga mikono nyuma
kama mtu anayesubiri iqama.
Likapita.
Yakapita manane mengine.

Jumatatu mstari wa kumi na saba ulikatwa kwa rula.
Kwenye safu ya maelezo, mwandiko mwingine, wa haraka:
mizani mbovu.

Miaka thelathini alitengeneza baiskeli, Chumbageni,
akipapasa spoku kwa vidole visivyokunja.
Nilimuuliza mara moja tu, mabao tisa, baba, vipi?
Akasema jua lilimpiga machoni.
Lakini mechi ilikuwa saa kumi na moja jioni
na goli lake, wote wanajua, lilikuwa la magharibi.

Juzi nilikaa mbele ya dirisha la mafao na cheti cha kifo.
Kijana akabofya, akabofya, hamwoni.
"Marehemu alikuwa na kazi gani, mama?"
Nikafungua mdomo niseme mizani.
"Kudaka," nikasema.
Akainua macho.
"Kudaka nini?"

Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni.