Kilo Arobaini na Sita

Kwenye dashibodi, chini ya leseni na pipi za kikohozi,
naweka daftari la kurasa mia:
tarehe, lita, kilometa.
Machi, lita ishirini, mia moja tisini na nane.
Aprili, lita ishirini, mia moja themanini na moja.
Nikasema sheli wananipunja.
Nikahama ya Igoma, nikaenda ya Buzuruga,
nikamkodolea macho kijana wa pampu mpaka akaona haya,
na bado gari likanywa
kama limeshiba dagaa wa chumvi.

Fundi Lushinge wa Nyakato hakufungua hata boneti.
Alipiga teke tairi, akaguna.
"Mama Minza, hili unaliburuza.
Upepo nusu. Breki ya nyuma kulia imeng'ang'ania,
gusa rimu uone."
Nikagusa. Ilichoma kama sufuria.
"Na huko kwenye buti umebeba nini?"

Kwenye buti nimembeba Masalu.

Siyo mwili. Mwili tuliuzika Magu, mwaka wa tatu sasa,
mvua ikitangulia udongo kaburini.
Ni mawe yake ya mizani, ya pale Mwaloni, Kirumba,
alipouza dagaa miaka kumi na minne:
la ishirini, mawili ya kumi, la tano, la moja,
yamefungwa kwa kitambaa cha kochi letu la kwanza.
Kila nikipanda Isamilo huyasikia yakigongana,
gu, gu,
nami hujibu, "Nimekusikia."

Lushinge hakuyajua hayo. Aliyatoa moja moja,
akayapanga juu ya tairi bovu.
"Abiria watano, nauli hawalipi.
Lakini sikudanganyi, mwizi ni breki.
Hawa ni vibaraka wake tu."
Kisha akalipindua la ishirini.

Chini lilikuwa na shimo, pana kama kikombe cha kahawa,
limezibwa kwa nta na masizi.
Alilipima kwa mkono, mkono unaojua chuma.
Hakusema kitu.
Akafuta vidole, akarudi kwenye breki.

Na mimi nilihama sheli nikimtafuta anayepunja.

Usiku ule Minza, kidato cha tatu, alikuwa na kazi ya kemia.
"Mama, lita ya petroli haifiki kilo.
Lakini ikiungua, hewa chafu yake inazidi kilo mbili."
Nikamwambia hiyo ni mizani ya sokoni, naijua.
"Siyo uongo. Kaboni inaokota oksijeni njiani.
Inatoka imebeba."
Akaandika, akafuta, akaandika tena:
"Lita ishirini, kilo arobaini na sita."

Nikayahesabu mawe kwa vidole chini ya meza.
Ishirini, kumi, kumi, tano, moja.
Yote ya baba yake, basi,
kila nikijaza nayamwaga angani,
na huko hakuna aliyetoboa shimo.

Siku hizi nateremka Isamilo gia ikiwa ndani.
Zamani nilitia fri, nikidhani naiba mteremko;
Lushinge alinikemea:
"Iache kwenye gia, toa mguu,
injini itafunga koo yenyewe."
Foleni ikisimama sana pale Mabatini, nazima.
Sokoni naenda kwa miguu, nikirudi natweta,
na ziwa lote liko chini yangu, mpaka Saanane.
Asubuhi nyingine lina utando juu yake.
Huenda ni ukungu.
Huenda ni sisi. Sijui, sijaenda shule ya Minza.

Mawe manne nimempa Shija, kibarua wake wa zamani.
Nilimtazama usoni alipoyapokea.
Hakuuliza la ishirini liko wapi.

Lipo jikoni, linazuia mlango
upepo wa ziwa unapovuma.
Linatosha kwa kazi hiyo, hata likipungua.

Julai, lita ishirini, mia mbili arobaini na moja.
Nimeiandika kwa kalamu ya bluu, bila kuzidisha.
Nilipopanda mlima, nyuma palikuwa kimya.
Nikasema "Nimekusikia" hivyo hivyo.