Kigae

Kuramochi aliandika ratiba kwa kalamu ya wino:
mahekalu saba, bustani ya mawe, maporomoko,
chakula saa sita na robo.
Gari lake lilinukia sabuni.

Abiria alikuwa mmoja, Bi Hisae, katoka Aomori,
kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi.

Hekalu la kwanza, Nara, alishuka. Hakuingia.
Paa wakamzonga, wakainamisha vichwa kudai biskuti;
yeye macho juu, kwenye paa jingine,
lile lisilokimbia.

“Marehemu ndiye aliyechoma vigae hivi,” akasema.
“Kimoja kina jina langu, upande wa chini.
Hakuniambia kipi.”

Manyunyu yakaanza. Kuramochi akafungua mwavuli,
akalitaja, kwa adabu, hekalu la pili.
Bibi alikuwa anahesabu. Safu ya tisa. Ya kumi.
Akikosea, anaanza tena.

Saa sita na robo ikapita, na maporomoko
yakaporomoka bila wao.

Jioni, daftarini, penye mstari wa “Tulivyoviona”,
Kuramochi alishika kalamu kitambo,
wino ukatona.
Kisha akaandika: kigae kimoja.
Hatukukijua.