Nyuma ya Kitalu C

Pango la joka letu lipo nyuma ya Kitalu C.
Ndahani aliiba karatasi,
hapana, msimwambie nimesema aliiba,
aliokota kwa wapima ardhi anakofanya kazi, Makole,
mchoro uliokataliwa: barabara imepita juu ya kisima cha mtu.
Akaupindua, akaurudisha kwenye printa kubwa,
ikatoka ramani, miraba ishirini kwa thelathini,
kila mraba hatua mbili za shujaa.
Wino ukaisha upande wa kaskazini,
milima ikatoka rangi ya waridi.
Tukaiita Milima ya Wino Haba.

Jumamosi, nyuma ya steshenari ya mama yake,
tunaigandamiza kwa mawe manne
maana upepo wa Agosti hapa Dodoma haupigi hodi,
unaingia na vumbi lake, unaketi.
Vizibo vya soda ndio sisi.
Zabibu ndio majini: ukimuua jini, unamla.
Msimu wa mavuno tunaua sana.

Ila karatasi haijui kutunza siri.
Mimi ndiye msimulizi. Nasema,
"Mlango umefungwa, hamjui kilichomo ndani,"
na Nyemo ameshaiona hazina, ameshahesabu nguzo,
anajifanya mjinga, vibaya.
Nikaanza kufunika vyumba kwa madaftari.
Wakaanza kusoma madaftari.

Ndipo Nyemo akaleta runinga,
inchi thelathini na mbili, imepasuka pembeni.
Tukailaza chali mezani kama mgonjwa,
tukaiwekea kioo juu,
na giza likawa giza kweli.
Unasogea mraba mmoja,
ukungu unarudi nyuma mraba mmoja.
Mwenge unayumba. Maji yanatembea.
Kwa robo saa hakuna aliyegusa zabibu.
Na Lechipya, aliyehamishiwa Mpwapwa kufundisha hesabu,
miezi saba hatujamtia machoni,
akatokea: nukta ya kijani kwenye ngazi za pango.
Nukta ikajizungusha mara mbili.
Alikuwa anacheka, tulijua.

Kwa hiyo msiniulize ipi bora.
Ndahani huniuliza, na uso kaukunja.
Anasema chai ya Chibago ilipomwagika kwenye karatasi
tulipata ziwa, ziwa likapata jina, jina likapata mzimu;
imwage kwenye runinga uone kama hupati fundi.
Nyemo anasema karatasi inakumbuka mpaka inachanika,
tazama pale inapokunjwa,
daraja letu sasa ni tundu.
(Tulikubaliana: daraja limevunjika.
Watu wawili walishaanguka.)

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika
tukiwa mbele ya joka.
Mbele yake kabisa, mdomo wazi.
Kioo kikatuonyesha nyuso zetu, basi.
Ndahani akainama, taratibu, bila kujivuna,
sawa, alijivuna kidogo,
akaichomoa ramani chini ya kabati,
akaikunjua juu ya kioo. Mawe manne.
Tukawasha tochi za simu.
Lechipya akapiga, simu ya kawaida, ya salio.
"Nipo wapi?"
Nikakitafuta kizibo chake, kile cha tangawizi, chenye kutu.
Hakuna aliyekuwa amekitupa.
"Upo kwenye ngazi."
"Ziwa la Chai lipo kushoto?"
"Lipo."
"Nisogezeni miraba mitatu, niliepuke. Lile lina mtu."

Nikamsogeza. Moja. Mbili.
Upepo ukainua pembe moja ya karatasi,
mwanga wa tochi ya Chibago ukapita kwa chini,
na nikaona, kinyumenyume, ile barabara iliyokataliwa,
na kisima cha mtu, kiduara kidogo cha kalamu,
palepale ulipo mdomo wa joka.
Tatu.
"Joka lina kiu," nikasema,
na sikuwaambia nimejuaje.
"Lechipya, rusha dadu."
Tukanyamaza wote,
tukaisikia, huko Mpwapwa,
ikigonga sahani.